Siku Nilipokaza Nyuzi za Mgeni

Kwa miaka mingi nimekuwa mzee wa kanisa. Kabla ya hapo, kwa miaka mingine mingi, nilikuwa mpiga gitaa kavu, lile lisilo na umeme, katika vilabu vya pombe, na namshukuru Mungu kwamba alinitoa huko bila kuninyang'anya vidole. Leo nataka kuandika juu ya mpiga gitaa mwingine, Mwingereza aliyelala nyumbani kwetu Mbotela, Nairobi, wiki mbili, na juu ya jambo nililomfanyia mbele ya binti yake siku ya harusi. Mke wangu ameniambia niliandike nikiwa bado na akili zangu, maana kila ninapolisimulia kwa mdomo kosa langu linazidi kupungua.

Nianze na binti. Alikuja kanisani kwetu yapata miaka minane iliyopita, akaketi benchi la tatu upande wa akina mama, na hakuondoka tena. Ni muuguzi katika zahanati ndogo ya Mukuru kwa Reuben, ile ambayo akina mama wa viwandani hupeleka watoto wao kabla ya zamu. Kiswahili alijifunza kwa wagonjwa, kwa hiyo husema kama mtu anayeamrisha: "Vuta pumzi. Toa. Haya, nani mwingine?" Hata akikukaribisha chai unajikuta umevuta pumzi.

Kijana mmoja wa kanisa letu, fundi wa mashine katika Industrial Area, alipotaka kumwoa, wazee wake walikuja kutoka magharibi ya Kenya wakauliza swali la haki: tuzungumze na nani? Mama yake binti alikuwa ameshafariki, na baba alikuwa mbali, mwimbaji wa kuzunguka. Baraza la kanisa likatuteua mimi na mke wangu tusimame kama wazazi wake. Ndivyo tunavyofanya huku. Mtu asiye na ndugu karibu haolewi kana kwamba ameokotwa njiani. Siku ya mazungumzo niliketi upande wake nikasema "binti yetu" mara nyingi hata nikasahau kwamba nilikuwa nimeteuliwa.

Kisha baba mwenyewe akaandika kwamba anakuja.

Binti alituletea habari hiyo Jumamosi moja, akiwa jikoni na mke wangu wakichagua mchele. Mimi nilikuwa mlangoni nikitengeneza kiti.

"Anasema ataimba siku ya harusi," alisema.

"Ni vizuri," mke wangu akajibu.

"Mama, wewe humjui. Tangu nikiwa mdogo anasema ataimba."

Akatueleza. Alipozaliwa, baba yake alianza kumtungia wimbo. Beti za kwanza alimwimbia kitandani kila alipokuwa nyumbani, lakini ubeti wa mwisho ulikuwa bado. Kila alipoondoka kwenda kuimba mji mwingine alisema atarudi nao. Alipotimiza miaka saba aliahidi kuuleta, na siku hiyo akapiga simu kutoka mbali. Alipohitimu uuguzi aliahidi tena, gari likaharibika njiani. Kwenye mazishi ya mama yake alifika, lakini mikono yake ikakataa kupiga.

"Nimempa dakika tano kwenye programu, baada ya mahubiri," alisema. "Akianza na asimalize, naomba msinionee huruma. Nimezoea."

"Na akimaliza?" mke wangu akauliza.

Binti alipepeta mchele kwa muda. "Sijawahi kufikiria nitafanya nini akimaliza," akasema.

Mke wangu alinitazama. Nilijua maana ya mtazamo ule: huyo mwanamume akifika, asitoke machoni pako.

Basi alipofika tukampokea sisi. Kwa mila, hakufaa kulala kwa watu wa bwana harusi, na mchungaji alisema ni vyema wazazi wote wa bibi harusi wawe chini ya paa moja. Paa lenyewe, nyumba ya zamani ya baraza la jiji, lilijengwa kwa watu wafupi. Kila asubuhi tulisikia kishindo cha paji la uso likigonga mlango, kisha sauti ya mgeni ikisema "Asante," kwa sababu hilo ndilo neno la Kiswahili lililokuwa karibu. Alikuwa mrefu, mwembamba, na ndevu nyeupe, umri wake karibu sawa na wangu. Tulizungumza kwa Kiingereza changu cha shule na Kiswahili chake cha watoto wa mtaa. Hao watoto walimfuata mpaka bombani wakimfundisha, naye alikuwa mwanafunzi hodari kupita kiasi. Mchungaji alipokuja kumsalimu, mgeni alisimama kwa heshima zote, akatoa mkono, akasema, "Niaje, buda," kama vijana wa kijiweni wanavyosalimiana.

Mchungaji wetu ni mtu mkavu kidogo. Alinitazama mimi, kisha akajibu, "Poa." Sijawahi kumsikia akisema neno hilo tangu siku ile.

Mchana tuliketi nje, kwenye benchi lililo kati ya mlango wetu na bomba, tukapiga gitaa. Hapo ndipo nilipoyajua maisha yake, kidogo kidogo, kati ya wimbo na wimbo. Alizaliwa katika mji wa viwanda vya nguo, kaskazini mwa Uingereza, mahali penye mvua nyingi. Baba yake alirekebisha mitambo ya kufuma, na makelele ya mitambo yalimla masikio. Kwa hiyo mtoto alijifunza gitaa sebuleni usiku na mchana, na baba akiwa palepale akisoma gazeti bila kusumbuka. "Nyumba nzuri sana ya kujifunzia," aliniambia. Gitaa lenyewe liliachwa na mpangaji aliyehama kwa haraka.

Naye aliingia kiwandani, kama mimi nilivyoingia cha sabuni. Miaka michache baadaye akatoka, akanunua gari dogo la kubebea mizigo, akaanza kuzunguka. Kule kwao, alisema, kuna watu wanaopenda nyimbo za zamani, za wafumaji na mabaharia na wachimba makaa, nao hukutana mara moja kwa wiki katika chumba kilicho juu ya baa. Mtu mmoja husimama na gitaa lake, wengine hunyamaza.

"Hawachezi?" nikamwuliza.

"Hawachezi."

"Hawapigi makofi katikati?"

"Hapana. Wanasikiliza tu. Kiitikio wanaitikia."

"Sasa unajuaje kama wimbo umewaingia?"

Akafikiri. "Wakienda kununua bia kabla sijamaliza, najua haujaingia."

Nilimhurumia. Mimi katika siku zangu za dhambi nilijua wimbo umeingia nilipoona vumbi.

Alirekodi santuri kadhaa, ndogondogo, zilizouzwa mlangoni baada ya maonyesho. Hakuwa mtu wa kutambuliwa barabarani. Lakini wimbo wake mmoja, juu ya mwanamke mzee aliyefua magunia ya makaa, ulimtoroka ukaenda kuishi peke yake. Watu waliuimba katika miji ambayo hakuwahi kufika, wakidhani umetoka kwa mababu. Siku moja, katika chumba kimojawapo, aliuimba yeye mwenyewe, na kijana aliyekuwa mbele akamfuata baadaye akamwambia kwa upole kwamba anaukosea.

"Ukamjibuje?"

"Nilimwomba anifundishe."

Nilicheka mpaka mke wangu akatoka nje. Nami nikamweleza juu ya pambio langu, nililotunga nikiwa zamu ya asubuhi, ambalo siku hizi linaimbwa makanisa ya Kayole na maneno yamebadilishwa na hakuna ajuaye ni la nani. Tulipeana mikono kwa hilo. Nadhani hapo ndipo tulipokuwa ndugu.

Mikono yetu lakini ilibishana. Yeye alipiga kwa kidole gumba na vidole vitatu, vikitembea kama miguu ya buibui. Mimi nilifundishwa kwa gumba na kidole cha shahada basi, gumba likikaa chini kwenye besi na shahada ikijibu juu.

"Hivyo vidole vitatu ni vya nini?" nilimwuliza.

"Na wewe hicho kimoja, kwa nini nasikia magitaa mawili?"

Kila siku alijaribu mtindo wangu akashindwa, na kila siku nilijaribu wake nikajifunga kama mbuzi kwenye kamba yake mwenyewe. Majirani walipata burudani ya bure. Mama mmoja Mwislamu mwenye duka la jumla mwisho wa safu yetu, ambaye ndiye aliyepika pilau ya harusi, alikuwa akifunga duka dakika chache mapema ili apite akiwa na haraka ya uongo.

Wimbo mmoja tu hakuupiga pale bombani. Nilipouliza, alisema huo hauimbwi kabla ya siku yake, na kwamba hata ubeti wa mwisho alikuwa bado anaushughulikia. Nilishtuka. Zilikuwa zimebaki siku nne.

"Ndugu yangu," nilimwambia, "huyo binti ni muuguzi. Amezoea kungoja watu wapone. Lakini safari hii usimwambie kesho."

Alitazama mikono yake. "Najua, Mzee," akasema. "Nisipomaliza Jumamosi, nitakuwa nimemaliza kabisa."

Kuanzia hapo aliamka alfajiri, akaenda kukaa kwenye jengo la kanisa lililokuwa tupu, na gitaa lake. Mimi nilimwombea kila asubuhi, na sikumfuata.

Jumamosi ikafika. Bibi harusi alichelewa kwa saa mbili, kama kawaida, kwa sababu ya msururu wa magari wa Jogoo Road na kwa sababu ya nywele. Mgeni alimshika mkono wa kulia, mimi wa kushoto, tukamwingiza pamoja, na kinanda kikatupeleka haraka kuliko miguu ya wazee wawili. Kanisa lilijaa mpaka madirishani. Upande wa pili wa ukuta kuna fundi wa mageti. Alikuwa ameahidi kutowasha mashine ya kusaga vyuma mpaka saa sita, naye alitimiza ahadi yake. Ni sisi tuliochelewa. Mahubiri yote tuliyasikia yakichanganyika na cheche.

Mahubiri yalipokaribia mwisho nilitoka kimyakimya kwenda chumba cha mchungaji kuchukua gitaa la mgeni. Alikuwa ameliweka pale mwenyewe mapema asubuhi. Ninataka nieleze vizuri nilichofanya, kwa maana nilikifanya kwa upendo.

Mzee aliyenifundisha gitaa nikiwa kijana kule nyumbani alikuwa na sheria moja. Gitaa linalokwenda mbele za watu hupitia kwanza mikononi mwa mkubwa, naye hulinganisha nyuzi. Ilikuwa ni heshima kwa anayepiga, hasa akiwa mgeni: asije akaaibika kwa sababu ya jua au vumbi la njiani. Kijana aliyebeba gitaa bila kulipitisha kwa mkubwa alivutwa sikio. Mimi nilivutwa mara mbili. Kwa hiyo nilifungua kasha, nikapitisha gumba juu ya nyuzi sita.

Zilikuwa mbaya. Uzi mnene ulikuwa chini ya mahali pake, na nyembamba mbili vilevile. Sauti iliyotoka ilikuwa kama ya mtu aliyeulizwa swali akabaki mdomo wazi. Nikasema moyoni, maskini, kumbe joto la mabati limemlegezea. Nikashika vigingi, nikakaza uzi wa kwanza, nikakaza wa pili, nikakaza ule mnene. Nikapitisha gumba tena, na gitaa likasema vizuri kama magitaa yote ya duniani. Nilimshukuru Mungu kwa kunituma kwa wakati. Nilimpita mke wangu nikamnong'oneza, "Nimemwokoa mtu."

Mgeni akaitwa. Akapanda mbele, nikampa gitaa, akainama kidogo kunishukuru. Alisema maneno matatu ya Kiswahili kwa binti yake, ambayo nadhani aliyakariri wiki nzima, kisha akapiga.

Nimesikia magitaa mengi yakilia vibaya. Sijasikia kama lile. Vidole vyake vilikwenda mahali pake sawasawa, vyote vitatu, na kila kimoja kikatoa kitu kisichohusiana na mwenzake. Alisimama. Akalitazama gitaa kama mtu aliyeumwa na mbwa wake mwenyewe. Akapiga tena, taratibu, na likawa baya zaidi.

Katika kanisa letu kimya ni aibu. Mhubiri akipoteza ukurasa, kipaza sauti kikikatika, mtoto wa shule ya Jumapili akisahau mstari, kuna mama mmoja, kiongozi wa akina mama, ambaye huinuka papo hapo na kuanzisha pambio ili mtu huyo asibaki uchi mbele za watu. Ni huduma yake, na anaifanya kwa sauti kubwa. Akainuka. Kanisa zima likaitikia kwa makofi.

Mgeni alikuwa ameinamisha sikio kwenye gitaa akijaribu kusikia uzi mmoja. Hakusikia kitu. Alipiga magoti kabisa, akaweka shavu juu ya ubao. Akina mama walipoona hivyo walidhani ameguswa, wakaongeza matari.

Nikamwendea. "Nini?" nikamwuliza sikioni.

"Sijui! Alfajiri lilikuwa sawa!"

"Haliwezi kuwa na shida," nikamwambia. "Nimelirekebisha mimi mwenyewe."

Akainua uso. "Umelirekebisha?"

"Nyuzi tatu. Zilikuwa zimelegea."

Alinitazama, kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. "Mzee," akasema, "nilizilegeza mimi. Nyuzi za wimbo huu hukaa hapo chini."

Sasa nilielewa. Tena si kwamba sikuwahi kusikia habari za wapigaji wanaopanga nyuzi kwa njia yao. Kule nyumbani nilimjua mmoja, nasi vijana tulimcheka.

Mpiga kinanda, kijana anayetuita sisi wazee Guka, yaani babu, alikuja mbio na simu yake. "Guka, kuna app ya kutyuni hapa, inamaliza mara moja!" Akaiweka karibu na gitaa. Simu ikasikiliza kwa makini, ikatuonyesha kwamba akina mama walikuwa juu kidogo ya noti. Hatukupata msaada mwingine kwake.

Ndipo nikamtazama bibi harusi. Alikuwa ameketi pembeni ya mumewe, ameinamisha kichwa, anang'oa majani ya ua moja la shada lake, moja moja, bila haraka. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyejua tangu asubuhi. Kwa macho yake, na kwa macho ya kanisa lote, baba yake alikuwa ameanza na hakumaliza, kama siku zote.

Nitasema kweli, kwa kuwa nimezeeka na sina faida ya kuficha. Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba pambio lile lingenifunika. Mchungaji angepanda, angesema tumshukuru mgeni wetu kwa kujaribu, tungeendelea na programu, na hakuna ambaye angejua. Mgeni asingenitaja, nilimjua kiasi hicho. Nilisimama na wazo hilo kwa muda wa mistari miwili ya pambio. Kisha nikaenda kwenye kipaza sauti na kuinua mkono.

"Bwana asifiwe," nikasema.

"Amen!"

"Gitaa la mgeni wetu halikuharibika lenyewe. Limeharibiwa."

Pambio likafa. "Na nani?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Na mimi."

Kiongozi wa akina mama alikuwa bado amesimama. "Kwani, Mzee, ulilikalia?"

Kanisa likacheka. Nami nikangoja watulie, kwa sababu nilitaka mtu mmoja anisikie. "Mgeni alilipanga tangu alfajiri kwa ajili ya wimbo wa binti yake," nikasema. "Mimi nikaingia kwa siri nikakaza nyuzi alizozilegeza yeye, nikijiona fundi. Alikuja tayari. Binti yangu, baba yako alikuja tayari. Kosa si lake."

Bibi harusi aliinua kichwa. Alinitazama mimi, kisha akamtazama yule mzee aliyepiga magoti sakafuni na shavu juu ya gitaa. Akaacha kung'oa majani.

"Sasa anahitaji kimya ili azirudishe," nikaendelea. "Naomba kimya."

"Amen!" wakasema, wakapiga makofi.

"Kimya, si makofi."

"Lakini Mzee," akasema kiongozi wa akina mama, "tukinyamaza si atajisikia vibaya?"

"Mama, ukiimba ndipo hatajisikia kabisa."

Wakacheka tena, wakaanza kunyamazishana, jambo ambalo kwa watu wetu lina kelele kuliko pambio. Mwishowe wakatulia. Ikabaki mashine ya fundi upande wa pili wa ukuta. Nikatoka na suti yangu, nikamkuta ameinamia geti jekundu.

"Zima kidogo, kijana wangu."

"Mzee, hili geti linangojewa Donholm leo."

"Baba wa bibi harusi anatafuta sauti."

"Ameipotezea wapi?"

"Mimi ndiye niliyempotezea."

Alinikagua, akaona sitanii, akazima. Kisha akanifuata, akaja kusimama dirishani miwani ikiwa juu ya paji la uso.

Sijui kama kanisa lile limewahi kunyamaza hivyo hata wakati wa maombi. Mabati yalilia kwa joto. Nje, maji yalikuwa yakijaa kwenye mtungi wa mtu bombani, tukasikia yakipanda mpaka shingoni. Mtoto mmoja akauliza, "Mama, amelala?" na akafunikwa mdomo. Mgeni aligusa uzi mnene, akaushusha polepole, kama mtu anayemteremsha mgonjwa kutoka kitandani. Nyuzi zilizokazwa halafu zikalegezwa hazitulii upesi. Kila alipomaliza wa tatu, wa kwanza ulikuwa umesogea. Alizunguka mara tatu, nne. Watu mia kadhaa walingoja naye, uzi kwa uzi. Kufikia mara ya nne hata mimi nilianza kusikia zilipokuwa zikienda, na nilipozisikia zote sita pamoja niligundua kwamba sauti niliyoiita mbaya kule chumbani haikuwa mbaya. Ilikuwa imeacha nafasi katikati, mahali pa mtu kuingia.

Akaimba.

Sauti yake haikuwa kubwa. Beti za kwanza zilikuwa nyepesi, za kumbembeleza mtoto, juu ya soksi zilizopotea na paka anayekataa kuingia ndani. Bibi harusi alizijua. Niliona midomo yake ikizifuata bila yeye kujua. Kisha akafika mahali ambapo midomo yake ilisimama. Mgeni alipiga nyuzi peke yake kidogo, akavuta pumzi, akaingia katika ubeti ule ambao haukuwahi kusikika.

Haukuwa na maneno makubwa. Ulitaja miji, mmoja baada ya mwingine, na hali ya hewa ya kila mmoja. Hapa mvua. Pale ukungu. Pale upepo wa baharini na theluji iliyochelewa. Mimi sikuelewa, nikadhani ni wimbo wa safari tu. Lakini binti alielewa kabla ya mji wa tatu, akaweka mkono mdomoni. Ilikuwa ni miji alimokuwa baba yake kila siku ya kuzaliwa kwa binti, kwa mpangilio, mwaka kwa mwaka. Niliona kama ameikumbuka yote. Na mji wa mwisho ulikuwa Nairobi, jua, vumbi kidogo, na hapo ndipo ubeti ulipokwisha, kwa sababu hapo ndipo aliposimama mbele yake akiimba. Nikaelewa kwa nini usingeweza kumalizika mapema.

Hakuna aliyepiga makofi mara moja. Mgeni alitutazama kwa wasiwasi. Nadhani alikuwa akiangalia nani anaenda kununua bia. Kisha kiongozi wa akina mama akapiga kigelegele kilichomfanya arudi nyuma hatua moja, na kanisa lote likapasuka. "Rudia! Rudia!"

Mchungaji alisimama na programu mkononi. Zile dakika tano zilikuwa zimekwisha zamani.

"Rudia, baba," akasema bibi harusi.

Alisema kwa Kiswahili, kwa ile sauti yake ya zahanati, na mchungaji ndiye aliyekuwa wa kwanza kuketi.

Mgeni akarudia. Safari hii akina mama walikuwa wamekwisha kukinyakua kiitikio, wakakiimba kwa maneno waliyoyabuni wenyewe, na yeye hakuwarekebisha. Alipofika kwenye miji, bibi harusi aliinuka kwenye kiti chake cha maua, akaenda kusimama karibu naye, gauni likifagia sakafu, akaimba naye. Mji kwa mji. Aliijua. Alikuwa ameihifadhi kichwani miaka yote, kila mji ambao baba yake alimpigia simu kutoka huko. Katikati akamshika mkono, gitaa likanyamaza.

"Umeruka mmoja," akasema.

"Sikuruka."

"Umeruka. Nilipokuwa na miaka kumi na moja." Akautaja mji.

Mzee yule alifumba macho, akahesabu kwa vidole vyake vile vitatu vya kazi. "Ilikuwa mvua," akasema.

"Uliniambia ni ukungu."

"Basi ukungu," akasema, akicheka na kulia kwa pamoja. Akarudi mwanzo wa ubeti, na mara ya tatu akauweka mji ule mahali pake. Pilau tuliila saa kumi, ikiwa imepoa, na sikumsikia mtu hata mmoja akilalamika.